Ndege ya Saa Tatu

Sogea karibu unisikilize taratibu, maana jambo hili watu hulidhania gumu na wala si gumu. Nataka kukueleza namna ya kuchagua seti za kuunganisha ndege za kivita za Urusi ya Kisovieti, zile ndogo za plastiki zinazoiga ndege halisi zilizopigana katika Vita Kuu ya Pili. Najua unajiuliza, mwalimu wa hesabu wa Ifakara amejulia wapi mambo hayo? Nilijifunza kwa ajili ya baba yangu. Nilijifunza vizuri, na pamoja na hayo nilikosea. Nitakueleza yote mawili, ujuzi na kosa, ili wewe ubebe ujuzi tu.

Baba alipokuwa kijana alipelekwa Urusi kusomea ufundi wa ndege. Alikaa huko miaka mitano. Aliporudi alikuta babu ameshazikwa, na yeye ndiye mkubwa kati ya watoto saba, na mpunga uko shambani ng'ambo ya mto unasubiri mtu wa kuuvuna. Hakwenda Dar es Salaam kutafuta ndege za kutengeneza. Alibaki. Akawa fundi wa mashine za kukoboa mpunga, akiitwa kuanzia hapa mjini mpaka Mngeta, na kazi hiyo aliifanya maisha yake yote. Watu walimtania wakiwa kwenye foleni na magunia yao:

"Fundi, hii mashine yako itaruka lini?"

"Ikisharuka utaniletea nini, wewe ambaye mpunga wako nusu ni mchanga?"

Walicheka, naye alicheka, akaendelea kukaza mkanda.

Kitu kimoja tu alirudi nacho kutoka kule chenye kuonyesha kwamba alikuwa fundi wa ndege: picha. Katika picha hiyo alisimama kwenye theluji chini ya ndege ya zamani ya vita, iliyokuwa imewekwa uani mwa chuo ili wanafunzi wajifunzie kufungua na kufunga. Yeye na mwenzake mmoja wa kutoka huku kwetu ndio waliopewa kuitunza. Waliifungua mifuniko, wakaisafisha, wakaifunga tena, miaka mitano. Waliipa jina: Saa Tatu. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza kwa nini ndege iitwe saa tatu. Akaniambia, "Kwa sababu ndiyo saa ya kwenda kazini." Niliridhika na jibu hilo.

Alikuwa na kovu kwenye dole gumba la mkono wa kulia. Alilipata msimu wake wa kwanza wa baridi. Alipeleka mkono mtupu chini ya pua ya ndege kufungua mfuniko, na chuma kilikuwa na barafu, ngozi ikagandana na chuma. Mwenzake akamwambia asivute, asubiri maji ya uvuguvugu. Akavuta. "Kipande changu kiko Urusi mpaka leo," alikuwa akisema, na sisi watoto tuligombania kushika lile kovu.

Ile picha ililiwa na maji. Mwaka wa mafuriko makubwa mto ulituingilia ndani mpaka usawa wa kitanda, na sanduku la makaratasi lilikuwa chini ya kitanda. Baba aliikausha picha juani, ameikandamiza kwa mawe pembe zote nne. Ilipokauka vilibaki viatu vyake na theluji. Huko juu kote palikuwa doa la rangi ya chai.

Miaka ikapita, presho ya macho ikamshika. Jicho la kulia lilitangulia, la kushoto likafuata. Kufikia mwaka niliouanza mradi wangu alikuwa anaona mwanga tu, anajua mlango uko wapi na dirisha liko wapi. Moyo nao ulikuwa umetanuka, na daktari alishatuambia tumfurahishe mzee. Jioni moja, tunachambua mchele pamoja, yeye akitumia vidole na mimi macho, na yeye akinishinda, alisema bila kuacha kuchambua:

"Mama, ningeipata ile Saa Tatu nikaishika hata dakika moja, ningeridhika."

Baba zetu huku huita binti zao mama. Nilisema, "Sawa baba," kama mtu anayeombwa maji ya kunywa. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na jambo moja kichwani: aishike kabla hajaondoka.

Sasa tuingie kwenye kuchagua.

Ndege ya kivita iliyoitwa Yak ilikuwa na ndugu wengi. Kulikuwa na Yak-1, Yak-7, Yak-9 na Yak-3, na usishangae kwamba tatu inakuja baada ya tisa, Warusi walizihesabu kwa namna yao. Zote zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Mgeni akiziona atasema ni ile ile. Kwa hiyo anayetaka seti sahihi haanzi kwa kuuliza seti ipi ni nzuri. Anaanza kwa kuuliza anataka ndugu yupi.

Mimi sikuuliza. Nilijua. Saa Tatu ni Tatu, basi ni Yak-3. Baba alikuwa ameniambia jibu tangu nikiwa darasa la pili.

Baada ya hapo usiamini picha iliyochorwa juu ya boksi. Ile ni ya kukupendezesha, mchoraji alilipwa achore moto na mawingu. Tafuta picha za vipande vyenyewe vikiwa bado kwenye fremu zake. Kuna watu duniani, wanaume watu wazima wengi wao, ambao kila seti mpya ikitoka hufungua boksi, hupiga picha kila kipande na kuandika kilichokosewa. Niliwasoma kwenye simu kwa miezi, nikitumia programu ya kutafsiri ambayo ilikuwa inaita mabawa "mbawa za kuku". Wanabishana kwa milimita. Mwanzoni nilicheka. Kisha nikaona ni watu wangu hawa, wanafanya kile ninachowaomba wanafunzi wangu wafanye kila siku: pima, usikisie.

Kupima ni rahisi. Chukua urefu wa mabawa ya ndege halisi, ncha hadi ncha, ugawe kwa skeli ya seti. Ni hesabu ile ile ya skeli ya ramani uliyoifanya shuleni. Yak-3 halisi ilikuwa na mita tisa na sentimita ishirini. Ukiigawa kwa arobaini na nane, ambayo ndiyo skeli niliyoitaka ili ijae mkononi mwa mtu asiyeona, unapata sentimita kumi na tisa na kidogo. Yak-9 mabawa yake ni marefu zaidi, mita tisa na sentimita sabini na nne. Hiyo kwa skeli ile ile inafika sentimita ishirini na robo. Tofauti ni zaidi ya sentimita moja, na rula ya mwanafunzi inaiona.

Seti ya kwanza niliyoagiza ilipokelewa na rafiki yangu Dar es Salaam, naye akaipakia kwenye basi. Nilikwenda kuichukua kwenye ofisi ya mizigo. Kijana wa pale akainua boksi, akasoma karatasi.

"Shikamoo mwalimu. Umeagiza kiti? Wameandika hapa kit. Kiti gani hiki kinaingia kwenye boksi la viatu?"

"Marahaba. Si kiti. Ni ndege."

Akalitikisa boksi sikioni. "Basi pole. Amefia njiani, maana halii."

Nilifika nyumbani, nikajifungia chumbani, nikalaza rula juu ya bawa. Sentimita ishirini na robo. Nikageuza kipande cha pua. Chini yake kulikuwa na mdomo mdogo umechomoza, kama kidevu. Hapo ndipo hewa inapoingilia kupooza oili. Ni rejeta ya oili, kama unataka jina la gereji. Nilikuwa nimeshasoma habari za kidevu hicho. Yak-9 ya kawaida inacho. Yak-3 haina, mafundi wake waliihamishia rejeta kwenye mashina ya mabawa ili pua iwe laini. Kwa hiyo seti hii ilikuwa Yak-9 iliyovishwa jina la Yak-3 ili iuzike mara mbili. Watengenezaji wa zamani walifanya hivyo, usiwachukie, kalibu ya kumwagia plastiki ni ghali. Wewe jua tu kutazama.

Nilijisikia mtaalamu siku ile, nisikufiche. Nilirudisha vipande kwenye boksi, nikampa mwalimu mwenzangu wa fizikia, ambaye alikuwa amenitania wiki nzima kwamba nimerudi utotoni.

"Chukua wewe uwafurahishe watoto. Hii si sahihi."

"Si sahihi vipi? Ina mabawa, ina mkia, ina pangaboi."

"Ina kidevu."

"Hata wewe unacho, na tunakupenda hivyo hivyo."

Seti ya pili niliichagua kwa mwezi mzima. Nililinganisha picha za seti nne, nikapima kila mkia na kila kioo cha rubani, nikaacha moja kwa sababu tumbo lake lilikuwa nene na nyingine kwa sababu kioo kilikuwa kirefu kupita kiasi. Niliyoichagua ilisifiwa na watu wote wenye rula. Ilikuwa Yak-3 sahihi kuliko zote nilizowahi kuona, na mpaka leo nitakuambia hivyo hivyo.

Rangi ndiyo kitu pekee nilichomuuliza baba. Nilijifanya nauliza kwa ajili ya kuzungumza tu, maana nilitaka iwe kwa kumshtukiza.

"Baba, Saa Tatu ilikuwa rangi gani?"

"Majivu."

"Majivu tu?"

"Majivu mawili. Majivu ya kuni na majivu ya pumba. Na tumboni mbingu."

Mtu wa mahali pengine angehangaika na jibu hilo. Kwetu hapa kila mtu ameona rundo la pumba za mpunga linavyoungua taratibu nyuma ya mashine, linavyoacha majivu meusi meusi, na kila mtu anajua majivu ya jikoni yalivyo meupe yenye ubuluu kidogo. Na wale watu wa milimita waliandika hivyo hivyo: Warusi katikati ya vita waliacha kijani, wakapaka ndege zao kijivu cha aina mbili, kimoja cheupe chenye ubuluu na kingine cheusi. Nilichota majivu ya aina zote mbili kwenye vifuniko vya chupa, nikaviweka mezani, nikachanganya rangi mpaka zikafanana. Nikaona baba na wataalamu wanakubaliana, nikafurahi sana, nikasema sasa hakuna tena cha kuuliza.

Niliitengeneza tangu mpunga ukiwa kijani hadi ukavunwa. Kila kipande nilikikata kwa wembe, nikakisugua kwa msasa uliolowa maji, nikakiunganisha kwa gundi nyembamba inayoyeyusha plastiki ili vipande viwili viwe kimoja. Kwa mtu asiyeona, mshono ndio makosa ya kwanza atakayoyapata, kwa hiyo nilisugua mpaka nilipofumba macho na kupitisha kidole nisijue nusu moja inaishia wapi. Hilo nakushauri na wewe ulifanye. Macho yanasamehe mengi, kidole hakisamehe.

Nilimpelekea alasiri moja, amekaa barazani kwenye kiti chake cha plastiki, magunia ya mavuno mapya yamepangwa nyuma yake.

"Baba, fungua mikono."

"Kuna nini, mama?"

"Fungua tu."

Niliiweka juu ya viganja vyake. Kwanza aliipima uzito, kama anavyopima mchele. Kisha alishika pangaboi, akahesabu mapanga kwa kidole, moja, mbili, tatu. Akapita juu ya kioo cha rubani, akashuka mgongoni mpaka mkiani, akaligusa gurudumu dogo la nyuma na akatabasamu. Akafuata bawa la kushoto mpaka ncha, akarudi, la kulia mpaka ncha, akarudi. Halafu dole gumba lake likaenda chini ya pua. Likasimama. Likarudi nyuma kidogo, likaja mbele, likasimama tena. Akaigeuza ndege, akarudia na kidole cha mkono mwingine.

Nilidhani analia kwa ndani. Nami machozi yalikuwa yananitoka, sikuona vizuri.

"Ndiyo yenyewe, baba?"

Aliigeuza ndege tena, magurudumu chini.

"Ndiyo, mama. Ndiyo yenyewe. Saa Tatu." Kisha akauliza, "Na rangi umeweka ipi?"

"Majivu mawili."

"Umekumbuka!" akasema, na hapo sauti yake ilifurahi kweli, sasa naweza kuitofautisha. "Na mshono umeupeleka wapi? Hakuna mshono hapa. Mikono yako imetulia kuliko yangu."

Wiki zilizofuata ndege ilikaa mapajani mwake. Wageni walipokuja kumjulia hali aliwafundisha. Hapa ndipo panapoinua ndege, hapa ndipo panapoielekeza kushoto na kulia, haya mabawa yalivikwa mbao nyembamba zilizobandikwa kwa gundi, msifikiri ni chuma. Watu waliokuwa wakimtania kwenye foleni ya kukoboa walikaa wakamsikiliza. Alianzia mkiani akaenda mbele, na alipofika kwenye pua alisema amechoka. Niliamini amechoka. Moyo wake ulikuwa umechoka kweli.

Alifariki kabla ya mvua za vuli. Tulimzika kwa misa, karibu na babu. Ndege niliiweka juu ya kabati sebuleni.

Siku ya kumaliza matanga alikuja yule mwenzake wa Urusi, kutoka Mahenge. Alikuwa hajaweza kuja mazishini kwa ugonjwa wa miguu. Nilikuwa namjua kwa sauti ya simu tu, kwa sababu walikuwa wanapigiana kila Jumapili. Zaidi ya kuwa rafiki alikuwa mtani wa baba kwa kabila, na unajua mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu. Alipoingia tu alijitupa kwenye mkeka, akadai ubani wake na jogoo, akasema marehemu alikuwa mchoyo wa chumvi na kwamba amekufa makusudi ili asimlipe soksi alizomwazima kwenye theluji. Kina mama waliokuwa wanalia walianza kucheka. Nilimpenda papo hapo.

"Na urithi wangu uko wapi? Kuna ndege hapa, nasikia. Ndege ni yangu, niliifuta mavi ya kunguru miaka mitano!"

Nilimshushia ndege kutoka kabatini. Aliivalia miwani. Akaigeuza, akatazama chini ya pua, na akaangua kicheko mpaka akakohoa.

"Jamani, jamani. Sasa hii ni ya nani? Mmemwazimia marehemu ndege ya watu!"

Watu walicheka wakidhani ni utani ule ule. Mimi sikucheka. Yeye alinitazama, akaona, akavua miwani. Akaomba nimsaidie kutoka nje akapunge upepo.

Tulikaa kwenye benchi chini ya ukuta. Nikasema, "Baba mdogo, ile si Saa Tatu?"

"Mwalimu, aliniomba nisikwambie. Lakini mtani hafungwi mdomo, na mimi nitakufa karibuni, nitamficha nani?" Akashusha pumzi. "Ile ni Tatu. Saa Tatu ni Tisa."

Akanieleza. Siku ya kwanza chuoni waliambiwa kipindi kinaanza *devyat*, ambayo ni tisa kwa Kirusi. Wale vijana wawili wa huku kwetu, hawajapata usingizi tangu watoke nyumbani, wakaenda darasani saa tisa. Alasiri. Mwalimu alikuwa ameshamaliza, anafunga mlango. Akawafokea mbele ya chuo kizima, nao hawajui wamekosa nini, mpaka mmoja wao akaangalia saa ya ukutani, akaona mshale uko kwenye tatu, akaelewa. Tisa yao ni saa tatu yetu. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu hapo kitu chochote chenye namba tisa wao walikiita saa tatu. Chumba namba tisa, saa tatu. Basi namba tisa, saa tatu. Na ile ndege uani ilikuwa Yak-9. Walimu waliiita Tisa. Wao wawili, peke yao duniani, waliiita Saa Tatu.

"Alinipigia Jumapili ya wiki ile uliyompa ndege," mzee alisema. "Nikamuuliza, vipi, ndiyo yenyewe? Akasema, 'Kidevu hakuna. Nimekitafuta mara mbili.' Nikamwambia, si umwambie mtoto atengeneze nyingine? Akasema, 'Ameisugua mpaka haina mshono, nimwambieje?' Halafu akasema, 'Nimeshika mikono ya mwanangu, inatosha.' Lakini ilikuwa haitoshi, mwalimu, nisikudanganye. Alikuwa anauliza kila Jumapili kama mimi nakumbuka kidevu kilivyokaa. Tukawa tunakieleza kwa simu, yeye kwangu, mimi kwake."

Nilikuwa nimepiga hesabu sahihi ya milimita kwa ndege nyingine. Na dalili zote nilikuwa nazo. Kovu la dole gumba lilikuwa limeniambia tangu utotoni kwamba chini ya pua ile palikuwa na kitu cha kushika. Dole lenyewe lilinionyesha barazani, mbele ya macho yangu. Kila siku nafundisha watoto kusoma saa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, najumlisha sita, natoa sita, na halikunijia.

Nilikwenda kwa mwalimu wa fizikia wiki ile. Ile seti niliyoikataa alikuwa ameiunganisha kwa alasiri mbili, watoto wake wakaipaka nyekundu kwa rangi ya mlango. Ilikuwa juu ya televisheni, imeegemea kwa sababu gurudumu moja limepotea, gundi imemwagika kwenye bawa. Nilipoishika dole langu likaingia chini ya pua bila kuambiwa, na kidevu kilikuwa pale. Ilikuwa imekaa nyumba ya nne kutoka kwetu muda wote ule baba akiwa hai. Ningeweza kuifuata kwa miguu na kumletea jinsi ilivyo, imepinda, nyekundu, na angeijua mara moja.

Mwalimu mwenzangu akaniambia, "Si ulisema si sahihi?"

Nikakaa kwenye kochi lake nikalia, na mkewe akaniletea maji bila kuuliza.

Nimetengeneza Yak-9 moja tangu hapo, ya majivu mawili, nikampelekea mzee Mahenge. Aliishika, akakisugua kidevu kwa kidole, akaniambia nimepatia. Nikamshukuru. Nilikuwa nimechelewa.

Lakini wewe huenda hujachelewa. Huenda una baba, au bibi, au mjomba aliyewahi kuendesha trekta, kutengeneza treni, kufagia uwanja wa ndege, na unataka kumrudishia kile kitu kidogo mkononi. Ufanye, usiogope, mikono hujifunza. Boksi likifika, kata vipande vikubwa tu, pua, mwili, mabawa na mkia, na uviunganishe vikavu. Gundi iache imefungwa. Vifunge kwa nyuzi au kwa mipira myembamba visiachane, kisha mpelekee vile vile, na mishono yake. Mpe aishike. Usimuulize kama ndiyo yenyewe, kwa sababu anakupenda na atakubali. Muulize kimekosekana nini, kisha kaa kimya mpaka akujibu.